Mzee Aliyewauliza Wadudu

Mara ya kwanza kumwona nilidhani anaosha karoti zisizokuwapo. Huku kwetu, juu ya Molo, karoti huoshwa kwa miguu: unazitia guniani, unalilaza gunia majini, unalikanyaga mpaka udongo utoke. Sasa huyu mzee alikuwa amesimama katikati ya kijito na gambuti zake za kijani, ameshika mpini wa wavu, anakanyaga mawe kwa visigino mbio mbio huku akihesabu kwa kunong'ona, na gunia hakuna. Nilikuwa nimehamia pale majuzi tu. Jioni nikamwambia mume wangu kwamba jirani yetu wa ng'ambo si mzima. Mume wangu, dereva wa lori la viazi ambaye nyumbani alikuwa mgeni kuliko wageni, alicheka akasema huyo ni Mpimaji, hana neno, anahesabu wadudu.

Kumbe alikuwa mzima kuliko sisi sote. Nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi, na katika miaka sita ya mwisho nilikwenda naye kijitoni kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nataka kumwandika alivyokuwa kwa sababu sioni mwingine atakayemwandika, na kwa sababu mimi ndiye niliyemwondoa mtoni. Hakuondolewa na uzee. Aliondolewa na neno langu moja la uongo juu ya macho yake, nami sikulirudisha neno hilo mpaka siku ambayo kulirudisha hakukuwa na faida tena. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanipenda bure.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpimaji aliingia majini akatazama yanakoelekea, akaweka wavu mbele yake na kukanyaga mawe kwa dakika mbili. Wadudu wanaoishi chini ya mawe walichukuliwa na mkondo wakaingia wavuni. Wavu huo aliushona mwenyewe kutokana na pazia. Alipotoka aliumimina wavu kwenye beseni jeupe lenye maji, akangoja tope litulie, kisha akaanza kuwachota kwa kijiko cha plastiki na kuwagawa kwenye trei ya kugandishia barafu, kila aina na kishimo chake. Friji hakuwa nayo. Kwa baridi ya Molo, friji ni ya nini? Lakini trei za barafu alikuwa nazo tatu, na aliziosha kwa uangalifu kuliko vyombo vyake vya kulia.

Kila aina ya mdudu ilikuwa na alama zake. Wale wasiovumilia uchafu walipewa alama nyingi, wale wanaokubali kuishi popote walipewa chache. Alijumlisha, akagawanya kwa idadi ya aina alizoziona, akapata alama ya kijito kwa mwezi huo. Kijito chetu kilikuwa kikipewa ripoti kama mtoto wa shule, na kama mtoto wa shule, kulikuwa na mihula ya kufurahisha na mihula ya kuitwa mzazi.

Majina ya kitaalamu aliyajua, lakini kwangu aliyaweka kando. Kulikuwa na Mikia Miwili, mdudu bapa wa kahawia ambaye akionekana tu Mpimaji alinyamaza kwa heshima, maana huyo haishi ila kwenye maji safi kabisa. Kulikuwa na Mikia Mitatu, mdogo kama punje ya mchele, ambaye alipatikana kwa wingi kuliko wote na ndiye Mpimaji alimtegemea zaidi. Kulikuwa na Fundi, anayejijengea nyumba ya mchanga na vijiti na kutembea nayo. Chini kabisa ya orodha walikuwapo ruba, konokono, nyungunyungu wa majini na wale vibuu wekundu wa topeni. Hao aliwaita wapangaji. "Hawa hata ukiwakatia maji na stima hawahami," alisema.

Nilimuuliza mara moja kwa nini asichukue maji kwenye chupa akayapeleka yakapimwe mjini, kazi iishe.

"Chupa inakuambia vile mto iko saa hii," alinijibu. "Kesho imebadilika. Lakini huyu mdudu amekaa hapa mwezi mzima, Mama Ciku. Kama kuna kitu mbaya ilipita hapa Jumanne, yeye alikuwa nyumbani."

Na nilipomuuliza kwa nini asiwaulize watu, alikuwa na jibu pia: "Mtu ukimuuliza juu ya mto, anakujibu juu ya shamba yake. Mdudu hana shamba."

Alikuwa ameyapata haya katika chuo kimoja huko chini, alikofanya kazi ya maabara maisha yake yote. Alibeba nyavu za wasomi, akaendesha majokofu yao, akawaonyesha mawe ya kukanyaga. Wasomi waliandika vitabu. Kimoja alikuwa nacho, kimefunikwa kwa karatasi ya kaki. Siku moja alinifungulia ukurasa wa mwanzo, pale mwandishi anapotoa shukrani, akaweka kidole mahali palipoandikwa madereva, wapishi na wasaidizi wote. "Mimi niko hapo ndani," akasema. Niliangalia uso wake nione kama anatania au analalamika, nikakuta hafanyi lolote kati ya hayo. Alikuwa ananionyesha tu, kama mtu anayekuonyesha nyumba aliyowahi kupanga. Niliona uchungu kwa niaba yake, naye akakifunga kitabu akakirudisha mahali pake.

Alipostaafu hakuna aliyemtuma kuendelea. Aliendelea. Matokeo yake aliyapeleka kwenye ofisi fulani mara kadhaa, akaambiwa aache karatasi mezani, akaziacha. Baadaye hakupeleka tena, lakini kupima hakuacha. Aliandika kwenye madaftari ya shule yenye picha za wanyama kwenye jalada, kwa herufi ndogo zilizonyooka, na aliyapanga kwenye kabati ambalo zamani lilikuwa la nguo za mke wake.

Mke alikuwa amefariki kabla sijahamia. Mtoto wa kiume alikuwa nje ya nchi na alipiga simu Krismasi. Binti alikuwa Nakuru mjini, akifanya kazi kwenye duka la dawa, na alikuja alipopata nafasi. Mpimaji alisema anapenda kukaa peke yake. Aliwaambia watu wa kanisa wasijisumbue kumtembelea, akasema kelele zinamuumiza kichwa. Lakini kila saa kumi alichemsha chai vikombe viwili. Nililigundua hili kwa bahati nilipokwenda kuazima jembe. Vikombe viwili mezani, kimoja kimenywewa, kingine kimejaa na kimeshika utando juu. Nikamuuliza mgeni amekwenda wapi. Akasema, "Hakuna mgeni. Mtu anaweza kuja." Kisha akakinyanyua kile kikombe akakimwaga nje polepole, na mimi nikajifanya naangalia jembe.

Tangu siku hiyo nilipita kwake saa kumi kila nilipoweza. Chai yake ilikuwa mbaya. Alikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, katika nchi ambayo maziwa hukosa mnunuzi yakamwagwa, na majani aliyachemsha hadi chai ikawa kama maji ya kutu. Nilikunywa. Hatukuongea sana. Mimi nyumbani kwangu nilikuwa na redio na kuku, watoto wako mabwenini, mume yuko barabarani kati ya Molo na Nairobi. Sisemi kwamba nilikwenda kwa huruma tu. Nilikwenda pia kwa sababu kiti cha pili kilikuwa kiti, na aliyeketi kwenye cha kwanza aliniita kwa jina.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu huyu aliyemrudisha ruba majini kwa mikono miwili, kwa upole, alikuwa katili wa kupindukia kwa mende. Nyumbani kwake kulinukia dawa ya kupuliza, na akiona siafu mlangoni aliwamwagia maji moto huku akiwatukana kwa lugha ya mama yake. Nikamwambia, "Mzee, na hawa si wadudu?" Akasema, "Hawa hawana kazi wananifanyia." Tena alikuwa anaogopa chura. Naapa. Siku moja chura alirukia gambuti yake, mzee wa watu akapiga kelele akaangusha beseni, Mikia Mitatu wote wakaenda zao. Alinikataza kumwambia mtu. Nimekaa na siri hiyo hadi leo, na ninaitoa kwa sababu napenda kumkumbuka akiwa vile, amesimama juu ya jiwe na wavu umeinuliwa, akinilaumu mimi kwa sababu ya chura.

Alisema hapendi umbea, lakini alijua habari za kila mtu kuanzia darajani hadi msituni. Akiona vibuu wekundu wameongezeka alijua choo cha nani kimefurika. Akiona Fundi amepungua alijua nani amelima hadi ukingoni na kuachilia udongo. Hakuwatangaza. Aliandika kwenye daftari, na akikutana na mwenye choo njiani alimsalimu kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamuuliza hali ya nyumbani, hadi mwenye choo akaenda kuangalia choo chake.

Ni mara moja tu alipopiga kelele mbele ya watu. Josho la ng'ombe la kule juu, dipu kama tunavyoliita, lilikuwa limesafishwa na maji yake ya dawa yakafunguliwa yakaingia kijitoni. Mpimaji alikwenda akapima, akajaza trei yake ya barafu wadudu waliokufa, akaibeba hadi kwenye baraza la chifu. Watu walicheka. Kijana mmoja akasema, "Mzee, kwani leo tunaomboleza viroboto?" Mpimaji alimpa trei aishike. "Angalia vizuri," akamwambia. "Wote wako na miguu. Hii dawa inaua wenye miguu. Konokono iko sawa, ruba iko sawa, nyungunyungu iko sawa. Hawa hawakukosea mtu, na wewe unakunywa maji hapa hapa." Kijana aliacha kucheka, ingawa nadhani ni kwa sababu hakujua aiweke wapi ile trei.

Kutokana na siku hiyo tulipata sheria. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maji, na ni mkono wangu ulioiandika: mtu yeyote atakayeosha pampu ya dawa kijitoni, au kumwaga dawa ya aina yoyote, jina lake litasomwa mbele ya baraza. Niliisoma kwa sauti, watu wakapiga makofi. Mpimaji alikuwa ameketi nyuma peke yake, karibu na mlango. Hakupiga makofi. Alikuwa anafuta miwani yake kwa pindo la shati.

Hiyo miwani ndiyo iliyokuwa hofu yake. Kifo hakukiogopa, upweke alisema anaupenda, lakini macho aliyaogopea kama mtu anavyoogopea moto kwenye ghala. Kupima wadudu ni macho. Mikia Mitatu akiwa mchanga ni mstari tu unaotikisika kwenye maji. Katika mwaka wa mwisho alikuwa anainama karibu zaidi na beseni, na mara nyingine aliniomba nimthibitishie: "Hii ni Fundi ama ni kijiti?" Nikimjibu alikubali papo hapo. Alikuwa amenifundisha mwenyewe, na alijivunia kwamba sikosei. Kwenda kupimwa macho hakutaka. "Siku beseni itaonekana tupu na iko na watu," alisema, "hiyo siku nitakuwa nimepimwa. Sitaki daktari aniambie kabla ya mto."

Sasa nifike pale.

Ilikuwa majira ya mvua ya vuli, viazi vyangu vikiwa vimetoa maua. Ukungu ulikuwa umeingia shamba la jirani, na vidukari vimeanza kwangu. Alhamisi nikachanganya dawa mbili, ya ukungu na ya wadudu, nikapuliza mchana kutwa na pampu mgongoni. Nilipomaliza, bomba la kamati lilikuwa halitoi maji, limepasuka huko juu, nami nilijua kwa sababu ni mimi niliyepigiwa simu asubuhi kuambiwa. Mawingu yalikuwa yameshuka. Pampu ilikuwa na dawa kidogo chini, na ikilala na dawa inaharibika. Mgongo ulikuwa unaniwaka. Nikashuka kijitoni, juu kidogo ya daraja, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaisuuza mara tatu. Maji yalikuwa mengi, nikajiambia yatabeba. Si kwamba sikujua. Niliisoma sheria kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimechoka, na hakukuwa na mtu.

Jumamosi ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Nilifikiria kujifanya mgonjwa, nikaona nikikosa nitakuwa nimejitaja. Nikaenda. Mpimaji akaingia majini, akakanyaga mawe yake dakika mbili, akatoka, akamimina. Tope likatulia. Kwenye beseni kulikuwa na konokono wawili, ruba mmoja na nyungunyungu kadhaa. Mwenye miguu hakuwapo hata mmoja.

Aliinama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akainama tena, kwa muda mrefu.

"Mama Ciku," akasema, "mimi naona konokono na ruba peke yake."

Niliinama kukung'uta wavu.

"Ni mambo mawili. Ama mtu ameosha pampu hapa, ama ni hii macho. Zile kubwa naona, zile ndogo sioni." Akasogea kando kunipisha. "Kuja uangalie. Wewe unaona Mikia Mitatu?"

Ningesema hapana, angeanza kutafuta pampu ya nani. Na angeipata. Ni mashamba manne tu yaliyopulizwa wiki ile, na langu ndilo lililo juu ya daraja. Nililiona baraza, nikaliona jina langu likisomwa na mtu mwingine kutoka kwenye daftari nililoliandika mimi. Wahenga husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

"Naona," nikasema.

"Ngapi?"

"Sita."

"Wako wapi?"

Nikanyoosha kidole juu ya maji matupu. "Hapa. Na wengine pale pembeni."

"Wanasonga?"

"Wanasonga, mzee."

Aliangalia kidole changu kilipoelekea. Aliangalia mpaka shingo ikamtetemeka. Kisha akachukua daftari akaandika sita, akalirudisha mfukoni, akamimina beseni kijitoni polepole karibu na mawe kama alivyofanya siku zote, ili wasiumie. Akaniambia asante. Akapanda kwenda kwake akiwa ameshikilia ua wa senyenge, njia aliyoipita miaka yote bila kushika kitu.

Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni nikasema kesho baada ya kanisa. Mwezi uliofuata hakushuka. Nilikwenda saa kumi, nikakuta vikombe viwili, akaninyooshea kimoja akasema, "Macho imekwisha. Wewe endelea na mto." Nikasema, "Mzee, nenda hospitali uangaliwe." Akasema, "Niende niambiwe nini? Nimepimwa tayari."  Nikanywa chai.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na kila mwezi ilikuwa na mahali pa kugeuka nikapapita. Niliendelea kupima. Mwezi wa tatu Mikia Mitatu walirudi, wakaletwa na maji kutoka msituni, wachanga, wanatikisika kwenye beseni wakiwa hai. Nililia pale kando ya maji kama mtu aliyefiwa. Nikapanda hadi kwake nikamwambia alama ya kijito imepanda, akafurahi. Hilo tu ndilo nililomwambia. Kabla ya Pasaka binti yake alikuja na gari la kukodi akamchukua. Alisema baba amekuwa mtu wa kukaa tu, haendi popote, heri akae karibu naye. Madaftari walinipa mimi.

Kwa muda mrefu sikumwona. Nilimpigia simu, akaniuliza alama, nikamsomea, akasema vizuri, au akasema angalia choo cha darajani. Kisha binti akaniambia baba amepelekwa kwa daktari wa macho, wakakuta presha ya macho, imeshafika mbali. Baada ya miezi michache akaniambia haoni kabisa.

Mwaka huu, baada ya kuvuna, nilikwenda. Binti anakaa mtaa wa Free Area, Nakuru, ghorofa ya pili, na dirisha la sebuleni linatazamana na ukuta wa jengo jingine, mkono ukinyooka unaugusa. Mpimaji alikuwa ameketi hapo, uso dirishani. Alikuwa amepungua. Nilipokohoa tu akasema, "Mama Ciku," na akatabasamu, nami nikaona ningeweza kurudi Molo na tabasamu hilo na nisiharibu kitu.

Binti alikwenda jikoni kuweka chai. Kabla ya kwenda alisimama mlangoni akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemsifu baba yake, "Lakini alipokuja kwangu alikuwa anaona poa. Ile miaka mbili ya kwanza ni yeye alikuwa ananichagulia maharagwe. Hata kile kitundu kidogo cha dumuzi hakingempita." Mpimaji akasema, "Zile ni kubwa." Binti akacheka akaenda.

Nikamwambia. Nilipiga magoti karibu na kiti chake. Nikamwambia Alhamisi, bomba lililopasuka, pampu, mara tatu.

"Dawa gani?" akauliza.

Nikamtajia.

"Saa ngapi?"

"Kama saa kumi na moja."

Alitikisa kichwa kama alivyokuwa akitikisa anapojumlisha. "Na zile sita?"

"Hakukuwa na sita, mzee."

"Kulikuwa na ngapi?"

"Hakuna. Beseni ilikuwa vile uliiona."

Alirudisha uso dirishani. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka, na chini mtu alikuwa anauza maji ya kunywa kwa kuita. Nilimwomba msamaha. Nilisema mengine pia ambayo siyakumbuki, maneno ya aibu na baraza na mgongo uliokuwa unauma, na hata nikiyasema nilisikia kwamba namjibu juu ya shamba langu.

"Hapa nilikuwa naona dumuzi," akasema mwishowe. Hakuwa ananiambia mimi. "Nikajiuliza, mbona hii naona? Nikasema ni sababu ni kubwa. Nilikuwa naona, na nikakuamini wewe."

"Ulikuwa unaona, mzee."

"Miaka mbili." Vidole vyake vilikuwa vinahesabu juu ya goti. "Hiyo ni Jumamosi ishirini na nne."

Binti aliingia na sinia. Mpimaji aligeuza uso kuelekea sauti ya vikombe akasema, "Mgeni anaenda." Binti alisema lakini chai iko tayari, baba, hata hajaonja. Akarudia, bila kupandisha sauti, "Anaenda." Sijawahi kutoka kwenye nyumba ya mtu bila chai tangu nizaliwe, na binti alisimama pale na sinia mkononi akiniangalia, asijue afanye nini. Nilisimama. Nilichukua mkoba. Viazi nilivyomletea niliviacha mlangoni.

Nimekwenda tena mara nne. Binti anafungua mlango nusu, ananiambia pole Mama Ciku, mzee amelala. Namsikia akikohoa ndani. Nasema basi, msalimie, na ninashuka ngazi.